Rangi ya Zambarau Kwenye Fataki

Risasi ya kwanza ilimgonga Maren kiganjani kama rungu. Alishusha bastola, akautazama mkono wake, akadhani ameishika vibaya. Ya pili ikamchuna ngozi pale kidole gumba kinapoungana na cha shahada. Ya tatu haikutoka. Alivuta kifyatulio, silinda ikajizungusha nusu, ikagoma, na alipovuta kwa nguvu zaidi ilikuwa kama kuvuta mlango uliopigwa msumari.

"Shangazi," akaita bila kugeuka, "bastola imekufa."

Rhoda Tanner alikuwa amekaa nyuma ya pikapu yake, miguu inaning'inia, anakula mkate na samoni wa kukaushwa kwa moshi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, ila kijiji kizima kilimwita hivyo, maana ndiye aliyewarusha wote kwa kindege chake kinachotua majini, wagonjwa kwa wazima, na ndiye aliyemfundisha Maren kujaza risasi kwa mkono.

"Mtutu uelekee changarawe."

"Umeelekea."

"Kidole kitoe."

"Nimeshatoa, Shangazi."

"Haya, tumwone marehemu." Akaruka chini, akajifuta vidole kwenye suruali, akainama kuichungulia silinda kwa ubavuni. "Mh! Hebu tazama huyu mshenzi."

Kwenye tundu moja la silinda, kichwa cha risasi ambayo haijapigwa kilikuwa kimechomoza mbele, kimegusa chuma cha bastola kama mtoto anayetoa ulimi dirishani. Ndicho kilichozuia silinda isizunguke.

Maren alihisi masikio yakiwaka moto. Jambo hilo ndilo alilopigana nalo majira yote ya baridi.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu samoni. Kila kiangazi alikaa peke yake kambini kwenye kijito cha juu, wakati samaki wanapopanda, na dubu wa Alaska hufuata samaki kama sisi tunavyofuata harufu ya pilau. Msimu uliopita alibeba bastola ndefu aliyopewa kazini. Ilimgonga mbavu kila alipoinama, mwisho akawa anaiacha hemani. Bastola iliyo hemani haimfai aliye mtoni. Akanunua hii: fupi, ya madini mepesi, yenye tundu pana la risasi nene, inayokaa kifuani juu ya suruali ya mpira bila kumsumbua. Lakini wepesi nao una yake. Bastola nzito humeza teke la risasi. Nyepesi humwachia mwenye mkono. Tena risasi zinazosubiri zamu yao ndani ya silinda nazo hulisikia teke hilo: ganda hurushwa nyuma kwa ghafla, kichwa kinabaki pale pale kilipokuwa, kinachomoka kidogo kidogo kama jino la mtoto wa miaka sita. Kikichomoka vya kutosha, silinda haizunguki tena. Na dubu hasubiri mtu atafute koleo.

Kwa hiyo Maren alichagua kichwa kizito cha risasi, bapa mbele, akakipa baruti ya wastani, si ya kujionyesha. Akaubana mdomo wa ganda ukauma kichwa barabara. Kila alipojaza fungu jipya, alipiga tano, kisha akaipima ya sita kuona kama imerefuka. Ikirefuka hata unywele, fungu zima lilirudi kupasuliwa. Alipopata zilizotulia, alizipaka rangi ya kucha ya zambarau kuzunguka fataki, kile kidonge cha shaba ambacho nyundo ya bastola hukigonga, ili unyevu usipenye na ili azijue ni zake.

Leo alikuja kwenye machimbo ya changarawe kupiga zile zilizokaa kifuani tangu masika, aweke mpya kabla ya safari ya kesho. Basi.

Rhoda alikisukuma kichwa kirudi ndani kwa kijiti cha mti, taratibu, uso ameuweka pembeni. Silinda ikafunguka. Risasi nne zikaangukia kiganja cha Maren chenye damu.

"Zambarau," Rhoda akasema. "Zako hizi, binti."

"Si zangu."

"Na rangi?"

Maren aliigeuza moja kwenye mwanga. Mkono wake ulikuwa na tabia ya kuruka kidogo mwisho wa mzunguko, kwa hiyo kila duara la zambarau alilolichora lilikuwa na pengo dogo upande mmoja. Hili nalo lilikuwa na pengo. Akapitisha ukucha kwenye mdomo wa ganda. Ukucha ulikwama. Mdomo haukubanwa vizuri. Yeye hajapata kubana hivyo maishani mwake.

Banda la kujazia risasi lilikuwa na funguo mbili tu. Moja yake, moja ya Tobin, mchumba wake.

Rhoda alimwona uso unavyobadilika, akaacha kutafuna. "Usiniambie."

Hakumwambia. Alizifunga zile risasi nne kwenye leso, akapanda gari lake.

Yako mambo ambayo kwao hata mlevi huyaheshimu, na hili ni mojawapo: hupigi risasi aliyoijaza mtu mwingine. Utakula chakula chake, utalala kwake, utamwachia wanao akakulelee. Risasi yake utaikataa, wala hatanuna. Anayejaza amekamata macho na vidole vya anayepiga. Akizidisha baruti kwa kupiga miayo tu, bastola inapasuka usoni pako, si pake. Hata mke na mume, kila mtu na kopo lake. Majira ya baridi Tobin alisema, "Nikujazie mimi zenye nguvu," na Maren akajibu, "Ala! Wewe unapiga zangu?" Wakacheka wote wawili. Alidhani yameishia kwenye kicheko.

*

Tobin Lasher alikuwa jikoni akikaanga soseji za paa mkubwa wa msituni, kitambaa cha sahani begani. Mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyeinamia kila mlango. Walikuwa wamepanga kuoana Septemba, samoni wakishapita.

"Umewahi kurudi, mpenzi. Umeua mawe mangapi?"

Maren aliifungua leso juu ya ubao, katikati ya vitunguu.

"Nani kazijaza hizi?"

"Si zako? Naona zina rangi ya–"

"Nimekuuliza nani kazijaza."

Tobin alizitazama. Kisha akautazama mkono wake. "Una damu."

"Tobin."

"Sawa. Ni mimi." Alizigeuza soseji bila sababu, zilikuwa hazijaiva upande huo. "Ulipokwenda mjini kwa daktari wa meno. Nilitaka kukwambia."

"Zilizokuwa kwenye bastola peke yake?"

"Na za sandukuni."

"Zote?"

"Zote."

"Zangu ziko wapi?"

"Tulizipiga. Mimi na Clay, kule machimboni." Akajaribu kutabasamu. "Maren, kweli kabisa, zile ni za kuulia sungura. Hata Clay alicheka. Alisema dubu akipigwa na hizo atageuka aulize nani anabisha hodi."

Maren hakuwa mtu wa kupaza sauti. Shuleni aliogopa hata kujibu jina lake likiitwa. Sasa alisikia sauti ikitoka kifuani mwake, nene, akadhani ni ya mtu mwingine.

"Mlicheka! Mlikaa wanaume wawili, mkapiga kazi yangu ya majira yote ya baridi kwenye makopo ya bia, mkacheka!"

"Usipige kelele, bibie, majirani–"

"Wasikie! Na usiniite bibie."

Tobin alizima moto. Alipogeuka, upole ulikuwa umemtoka usoni. "Unataka kusikia na wewe? Mimi ndiye niliyembeba Pruitt aliporaruliwa na dubu. Mimi. Kutoka mtoni mpaka kwenye boti, ngozi ya kichwa nimeishika kwa mkono huu isimwangukie machoni. Na alikuwa amempiga yule dubu mara nne! Nne, Maren. Na zile zilikuwa risasi za mtu kama wewe, za wastani, za vipimo vizuri."

Maren alijua. Alikuwapo jioni ile Tobin aliporudi, akakaa naye ukingoni mwa beseni, akamsugua damu ya Pruitt kwenye kucha kwa mswaki. Moyo wake ulitaka kulegea. Aliuhisi ukilegea, akaukasirikia nao.

"Ungeniambia hivyo."

"Nilikwambia! Wewe na huyo Shangazi wako mna majibu yenu tayari. Risasi ya pili, risasi ya pili, kila siku risasi ya pili. Mimi nataka ya kwanza imwangushe."

"Na ya kwanza ikikosa?"

"Hizi hazina shida. Nilizijaribu, Maren. Ningekupa kitu bila kukijaribu? Nilipiga sita mfululizo, nikarudia, hakuna iliyochomoka hata chembe. Nilizipima. Kama unavyopima wewe."

"Kwa bastola ipi?"

Mafuta yalikuwa bado yanachemka kwenye kikaango. Tobin akayatazama.

"Kwa bastola ipi, Tobin?"

"Yangu."

"Lile jembe lako. Lenye uzito wa mtoto mchanga."

"Risasi ni zile zile."

"Ungezijaribu kwenye yangu. Ipo pale msumarini kila siku. Kwa nini hukuijaribu kwenye yangu?"

"Ungerudi ukakuta inanuka baruti. Au ungeona masizi." Alisema polepole, kama mtu anayejisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. "Ungejua."

"Ehe. Ningejua."

"Nilifanya kwa sababu nakupenda! Usiku silali, wewe uko huko juu peke yako. Halafu ndiyo shukrani hii. Kweli shukrani ya punda ni mateke."

Maren aliichukua risasi moja, akamwinulia usoni, kitako mbele.

"Nieleze hii. Baruti nitakuelewa. Uoga nitakuelewa. Hata huyo rafiki yako Clay nitakuja kumwelewa nikizeeka. Nieleze rangi."

Tobin alikivuta kitambaa begani, akajifuta mikono.

"Ulichukua chupa yangu. Ukapaka moja moja. Ukaacha na pengo, Tobin. Pengo langu! Ulikaa ukanisoma mkono unavyotetemeka ili unidanganye nao."

"Nilitaka tu zifanane."

"Kwa nini zifanane?"

"Ili usiwe na wasiwasi."

Maren alicheka kicheko kikavu. "Leo ningekuwa mtoni, nimekufa bila wasiwasi."

*

Maren alijifungia bandani. Ndege ilikuwa iondoke asubuhi, na pasipo risasi hakuna kwenda kijitoni. Dukani kijijini ziliuzwa za kiwandani za aina moja, kali kuliko hata za Tobin, za kuwafurahisha watalii wa kuwinda. Alikuwa na maganda masafi, vichwa, fataki, kopo la baruti limejaa. Alikaa kwenye kigoda, akawasha taa, akaweka mizani sawa.

Rhoda alipomfundisha alimpa sheria kabla ya kumpa hata ganda moja: usijaze mdomo ukiwa na maneno, wala tumbo likiwa na pombe, wala moyo ukiwa na mtu. Maren aliicheka hiyo ya tatu. Sasa alimimina baruti kwenye kisahani na mshale wa mizani ukawa unapanda na kushuka. Akadhani kuna upepo. Akaziba ufa wa dirisha kwa kitambaa. Mshale ukaendelea. Zilikuwa ni pumzi zake mwenyewe.

Alizibana pumzi, akapima, akamimina kwenye ganda. La pili. La tatu. Kichwani Clay anacheka. *Nani anabisha hodi.* La nne. Pengo la zambarau. Akanyoosha mkono na kisahani juu ya ganda lililofuata, akasimama hapo. Hilo alikuwa amelijaza? Aliangalia safu ya maganda na hakukumbuka. Baruti ilikuwa kisahanini, mkono ulikuwa hewani, na hakukumbuka.

Ganda lile lilikuwa refu, linameza vipimo viwili bila kumwagika. Vipimo viwili, na kesho mtoni vidole vyake viwe vya kuokotwa.

Alipindua maganda yote, baruti ikarudi kwenye kopo lake. Akagonga ubao kwa ngumi, mara ya kwanza na ya pili, mpaka chupa ya rangi ikaanguka.

"Maren?" Tobin alikuwa nje ya mlango. "Unatetemeka, nakuona kupitia dirisha. Niache nikupimie tu. Wewe utabana mwenyewe. Nipime tu."

Alifungua mlango kwa nguvu mpaka ukamgonga bega.

"Nipishe."

"Unakwenda wapi?"

"Mahali usipokuwepo. Na funguo ya hili banda nipe."

Tobin aliitoa mfukoni. Alimpa kwa mkono wa kulia, akiwa ameinamisha kichwa, na jambo hilo karibu limlize Maren, kwa hiyo aliipokonya badala ya kuipokea.

*

Rhoda alimwekea mchuzi wa chewa na hakuuliza kitu mpaka bakuli likafika nusu.

"Ningekupa zangu," akasema hatimaye.

"Nisingezipiga, Shangazi."

"Wala nisingekupa. Basi tumeelewana. Kula."

Maren alisimulia. Alipofika kwenye rangi, Rhoda aliweka kijiko chini, akatukana tusi moja refu la marubani, akakiokota tena.

"Ndiye aliyekuwa aniletee vyakula kwa boti," Maren akasema. "Kila wiki. Vyakula, betri za redio, dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu. Nimekaa njiani nikiwaza. Akiona betri zangu hazifai? Akiamua dawa ya pilipili inanipa kiburi? Atabadilisha kwa mapenzi yake, na atafunga boksi kama nilivyolifunga mimi. Sitajua."

"Hawezi kufika huko."

"Juzi ungesema hawezi kufika hapa."

Rhoda alimwongezea mchuzi.

"Niletee wewe, Shangazi."

"Binti, ukimtoa Tobin kwenye boti ile, kijiji kizima kitauliza kabla kahawa haijapoa. Watamcheka. Utamvunja."

"Najua." Machozi yalimjaa, akayaacha yajae. "Nisipomtoa nitakuwa nalala huko juu nikinusa unga kabla sijaukanda. Kipi bora?"

Rhoda aliinuka, akaenda dirishani. Nje jua la jioni ya Juni lilikuwa linang'aa juu ya ghuba, hakuna hata wingu la dawa.

"Kesho kutakuwa na ukungu asubuhi," akasema. "Hatutaruka mpaka mchana. Nitawajulisha wa kazini kwako."

"Ukungu? Mbona mbingu safi?"

"Rubani nani hapa?"

Maren alilala kwenye kochi la Rhoda. Hasira hakuilaza; waliangaliana nayo. Lakini alfajiri, alipokunja vidole na kuvikunjua, aliona imeacha kutikisika. Ilikuwa imetulia ndani yake kama jiwe lililofika chini ya kisima. Kwa jiwe mtu anaweza kufanya kazi.

*

Tobin alikuwa kwenye ngazi za banda, na nguo za jana. Kando yake palikuwa na makopo matatu: maganda, vichwa, baruti imemwagiwa maji. Alikuwa amezipasua risasi zake zote kwa nyundo ya kuchomolea vichwa. Kiganja kilikuwa kimevimba.

"Sikubakiza hata moja," akasema.

"Vizuri."

"Sikulala."

"Wala mimi."

Alisogea ampishe. Maren alifungua, akawasha taa, akakaa. Aliweka ganda la kwanza mahali pake. Aliyajua mabega yale mlangoni, aliyapenda, na alitaka kuyatupia mizani.

"Boti nimeitia mafuta," Tobin akasema. "Kwa ajili ya Jumamosi."

"Rhoda ataniletea."

"Rhoda? Kwa nini Rhoda?"

"Unajua kwa nini."

"Ni vyakula, Maren! Ni maharage na unga!"

"Hata zile zilikuwa risasi tu."

"Watu watasema nini? Clay, mama yangu, wote wanajua mimi ndiye... Niwaambie nini?"

"Waambie ulichofanya. Ukiona aibu kukisema, basi ulikijua tangu mwanzo."

Tobin alishika mwamba wa mlango juu ya kichwa chake. Kwa kitambo alionekana kama atagomba, na Maren alijiweka tayari, akitaka agombe. Lakini alisema kwa sauti ndogo, "Na Septemba?"

"Sijui."

"Hujui, au hutaki?"

"Unaona? Umeshaanza kunichagulia." Aligeuka kwenye kigoda amtazame. "Sijui, Tobin. Ikifika Septemba njoo uniulize. Simama mbele yangu uniulize kwa mdomo, kisha ungoje nikujibu. Nikisema hapana, iwe hapana. Usiende nyuma ya nyumba ukaitengeneza ifanane na ndiyo."

Tobin aliangalia chini. Akatikisa kichwa kukubali, mara moja. Kisha akaokota makopo yake matatu, akashuka ngazi, akapita kwenye rundo la kuni, na hapo moja likamponyoka, vichwa vya risasi vikatawanyika kwenye majani yenye umande. Akapiga magoti kuviokota.

Maren alimwona. Mguu wake ulisogea wenyewe kuelekea mlangoni, akaurudisha. Aliufunga mlango, akasubiri mpaka mshale wa mizani ukasimama, akamimina.